Kura ya Miguu

Kati ya ngoma moja na nyingine palikuwa na hatua tisini na tano. Nilizipima mwenyewe asubuhi moja ya Julai, kwenye uwanja wa pembeni ya mji wa Bariadi, kabla watu hawajajaa. Upande wa jua Wagika walikuwa wamekoka moto wa mabua, wanazigeuzageuza ngoma zao juu ya joto ili ngozi ikaze. Upande wa pili Wagalu walikuwa wanafunga njuga miguuni, mmoja mmoja, bila haraka. Katikati hapakuwa na jukwaa, wala kamba, wala mlango wa tiketi. Palikuwa na nyasi za kiangazi, vumbi, na mama mmoja mzee aliyekuwa anatandika gunia lake auze matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia.

"Mwangaluka, ng'wanawane. Umekuja kwa Wagika au kwa Wagalu?"

"Nimekuja kwa wote."

"Basi utachoka."

Alikuwa amesema kweli. Hatua hizo tisini na tano nilizikwenda na kuzirudi kutwa nzima, na jioni nyayo zilikuwa zinawaka. Lakini sijui siku nyingine ambayo miguu yangu ilifanya kazi yenye maana zaidi, kwa sababu katika mbina, ngoma za mashindano za Wasukuma, miguu ya mtazamaji ndiyo inayotoa hukumu.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Mtazamaji yuko huru kwenda atakako, kurudi, kuhama tena. Mwisho wa shindano wazee hutazama ni mduara upi mnene. Kikundi kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho kimeshinda. Hapana jopo la majaji wenye kalamu, hapana alama kumi kwa mavazi na kumi kwa sauti. Anayetaka kusema kwamba wimbo huu ni mzuri anausema kwa kuufuata, na anayetaka kusema umemchosha anaondoka.

Kiswahili hakimpendi mtu anayetangatanga. Tunamwita mzururaji, tunamuuliza ana shughuli gani. Nami nililelewa hivyo, kwamba ukienda kwenye ngoma uchague mahali, usimame, uwe na adabu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba katika mbina anayesimama mahali pamoja tangu asubuhi hadi jioni amekuja kama jamaa wa wachezaji. Anastahili heshima yake, maana kila kikundi kinahitaji jamaa. Ila wanaoamua ni wale wengine, wasiotulia, wanaokatiza katikati ya uwanja na kipande cha kiazi mkononi.

Msimu wa mbina huja na mavuno. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 ukimegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, una wilaya tano, Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na katika zote pamba ndiyo inayopanga mwaka wa mtu. Soko la pamba hufunguliwa kiangazi kinapoanza. Kufikia Juni na Julai mtama umeingia ghalani, magunia ya pamba yamefika kwenye mizani, mvua iko mbali, na mkulima ana vitu viwili ambavyo Januari hakuwa navyo: nafasi na shilingi. Ndipo ngoma zinashushwa. Hewa kavu nayo inasaidia, kwani ngozi ya ngoma huchukia unyevu. Wageni huona kama watu wameamua tu kufurahi. Ukweli ni kwamba hata furaha yenyewe imepandwa, ikapaliliwa, ikangojewa.

Bugobogobo ndiyo inayolionyesha hili wazi kuliko ngoma zote. Ilitoka shambani. Vikundi vya vijana vililima kwa pamoja, wamejipanga safu, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja, nao walioajiriwa kupiga ngoma wakitembea nyuma yao kuwatia nguvu. Masika jembe linaingia ardhini, kiangazi linaruka hewani. Asubuhi ile nilisimama karibu sana na mchezaji mmoja wa makamo, karibu kiasi cha kuona bapa la jembe lake lilivyong'arishwa na udongo. Halikuwa jembe la maonyesho. Alilishika ncha ya mpini, akalizungusha mpaka bapa likawa duara la mwanga, akalirusha juu, akapiga goti, akapeleka mkono nyuma ya mgongo bila kugeuza shingo. Mpini ukatua kiganjani, na papo hapo ngoma kubwa ikalia.

Nilidhani mchezaji ndiye aliyefuata ngoma. Mara ya tatu nikamtazama mpigaji badala ya jembe. Fimbo yake ilikuwa juu, imesimama, inangoja. Hakupiga mpaka mpini ulipogusa ngozi ya kiganja. Jembe likichelewa hewani, naye anachelewa, na wote waliozunguka wanazuia pumzi bila kujua kwamba kuna mtu anayewazuilia. Huo ni ufundi wa miaka, na unafanywa na mtu ambaye hakuna aliyekuja kumtazama.

Kiongozi wa kundi Wasukuma humwita ningi. Kwa Kiswahili tungesema manju. Ndiye mtunzi, ndiye mwimbishaji, ndiye jemadari. Nyimbo zake nyingi ni za msimu huo huo: bei ya pamba, ndoa iliyovunjika, kiongozi aliyeahidi kisima, na kejeli kwa ningi wa upande wa pili, ambaye hutajwa kwa mafumbo ambayo kila mtu anayafumbua mara moja. Hubeba beti kichwani kama mfugaji anavyobeba rangi za ng'ombe wake. Huanza mstari, kundi likaitikia, naye akiwa tayari amekwisha kuchagua mstari unaofuata kwa kuangalia sura zilizo mbele yake.

Jambo nililojifunza kwa kuhamahama ni kumtazama ningi macho. Mdomo wake unawaimbia waliokaribia. Macho yanapita juu ya vichwa vyao hadi pindoni, kwenye safu ya mwisho ya umati, kwa wale ambao mguu mmoja uko hapa na mwingine umeshaanza safari. Ningi mwenye uzoefu anajua kwamba umati haubomoki katikati. Humomonyoka pembeni, kama kingo za mto Simiyu mvua zikija kubwa. Wa mbele watakuambia ngoma bado imejaa, kumbe nyuma yao watu watano wamekwenda, kisha kumi. Akiona hivyo hapandishi sauti. Anabadilisha wimbo, au anamwita mchezaji wa nyoka.

Maana nyoka nao wapo. Bugoyangi ni ngoma ya mafundi wa nyoka, na chatu anapozungushwa shingoni mwa kijana, hata aliyeapa kwamba yeye ni wa upande wa pili huchungulia. Bununguli ni ya wawindaji wa nungunungu, mnyama anayekula mazao usiku. Zamani vikundi vilichonga sanamu za mbao zenye mikono inayochezeshwa, zikiinuliwa juu ya vichwa ili walio mbali wazione, na leo baadhi yake zimo katika makumbusho ya Ulaya, zimesimama kimya ndani ya kioo. Nikiziona picha zake husikitika kidogo. Sanamu ile ilitengenezwa ili imwite mtu aliye hatua tisini na tano mbali, na mtu anayeitazama kwenye kioo amekwisha kuitwa na kitu kingine.

Saa saba mchana nilirudi kwa mama wa matobolwa, nikakuta gunia lake limesogea hatua ishirini upande wa Wagika.

"Mwadila, mayu. Umehama?"

"Sijahama. Watu wamehama."

Nikamuuliza yeye ni wa upande gani. Akaniambia ni wa Wagalu tangu kwa baba yake, na watoto wake ni wa Wagalu. "Lakini matobolwa hayana upande," akasema, akanipa mawili ya nyongeza. Tangu hapo sikuhitaji kupima umati kwa macho. Nilitazama gunia liko wapi.

Mgawanyiko huu wa Wagika na Wagalu una umri mkubwa kuliko vyama vyote vya siasa na vilabu vyote vya mpira nchini. Simulizi za Wasukuma zinawataja mafundi wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waganga na wachezaji, walioshindana nani ana mvuto zaidi. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, yaani Wagika, wa Gumha ndio Bagalu, yaani Wagalu. Mtu hurithi upande kwa wazazi kama anavyorithi ukoo, na katika nyumba nyingi za Bariadi ukiuliza kwa nini, jibu ni kwamba babu alikuwa huko. Dawa haijawahi kukosekana katika simulizi hizi. Dawa ya kuvuta watu inaitwa samba, na hadi leo kikundi kikishindwa utasikia kwamba wenzao walikuwa na samba kali.

Sina ugomvi na samba. Naheshimu kila kitu ambacho fundi anakibeba kuingia nacho uwanjani. Ila nimewaona mafundi hawa masika, jioni, wakiwa na matope hadi magotini, wakirudia mstari mmoja mara thelathini kwa sababu kiitikio kiliingia mapema. Mimi nikiulizwa nini kiliwavuta watu, nitaanza na jioni zile.

Mashindano ya namna hii si ya Wasukuma peke yao, na ni vizuri tujue tuna ndugu. Pwani na bara, ngoma ya Beni ilikuwa na vikundi vya Marini na Arinoti, wakipambana kwa magwaride na tarumbeta tangu enzi za Wajerumani na Waingereza. Ngoma hiyo ikafika hata kwetu Usukumani, na mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975. Unguja kina mama wa taarabu walikuwa na vikundi vya Sahib el-Ari na Nuru el-Uyun. Dar es Salaam miaka ya 1990 wapenzi wa taarabu walihama ukumbi kwa ukumbi kati ya Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano. Frank Gunderson, aliyetumia miaka mingi kukusanya nyimbo za kazi za Wasukuma, alihariri pamoja na Gregory Barz kitabu kizima juu ya ngoma za ushindani Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 2000, wakakipa jina la Kiswahili: Mashindano! Nami naona walichagua vizuri.

Hata hivyo kuna kitu katika mbina ambacho sijakiona kwingine kikiwa kitupu namna hii. Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 Zanzibar, nalipenda. Ndani ya Ngome Kongwe nimesikia sauti za bara zima kwa siku chache. Lakini pale mwanamuziki ana saa yake, na saa hiyo ni yake hata akikosea. Ningi hana saa. Ana watu walio mbele yake sasa hivi, na nyuma yao ana mpinzani anayeimba kwa sauti anayoisikia. Kila mstari ni mtihani, na majibu anayaona hapo hapo kwa vumbi linaloinuka likielekea kwake au likimkimbia.

Nirudi kwenye siku yenyewe. Kufikia saa tisa Wagalu walikuwa wamezidiwa. Wagika walikuwa na jembe, walikuwa na chatu, na walikuwa na vijana wanne waliorusha vumbi kwa miguu hadi likafunika mwarobaini ulioparamiwa na watoto. Gunia la mama lilikuwa limefika karibu kabisa na duara lao. Mimi mwenyewe nilikuwa huko, na sikuwa na nia ya kuondoka.

Ndipo ningi wa Wagalu akainua usinga wake, na ngoma zake zikakatika.

Kwanza tulidhani wamekubali kushindwa. Kisha mtu mmoja karibu nami akasema, "Wameenda wapi?" Nikageuka. Upande wa pili palikuwa na watazamaji wachache, mgongo kwetu, na mbele yao hapakuwa na mchezaji hata mmoja aliyesimama. Vichwa vyao, manyoya, majembe, vyote vilikuwa vimetoweka. Walikuwa wameketi chini.

Wigashe ni uimbaji wa Kisukuma usio na ngoma. Jina lenyewe linatokana na kuketi. Waimbaji hukaa, hushikana, huyumba kwa pamoja kama nyasi za mbuga, na kazi yote hufanywa na sauti. Mtu wa nyuma haoni kitu, na sauti ni ya chini. Akitaka kujua kinachoendelea hana budi asogee. Waliokuwa pindoni wakabana mbele, waliokuwa mbele wakachuchumaa, na mduara uliokuwa umelegea ukakaza kama ngozi iliyopitishwa motoni. Walio ndani wakaanza kuwanyamazisha walio nje. Ukimya ukatembea uwanjani, ukatufikia sisi tuliokuwa kwenye kelele, na kelele zetu zikaanza kutukera.

Nilikuwa nimekwenda hatua thelathini kabla sijatambua kwamba natembea. Pembeni yangu walikuwa wanatembea wengine, hakuna aliyekimbia, hakuna aliyesema neno. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto mgongoni na kiatu kimoja cha mtoto kikadondoka, akakiokota bila kusimama. Tulipofika, ningi alikuwa anaimba akitazama chini, kama mtu anayemsimulia mwanawe habari ya nyumbani. Wimbo ulikuwa wa mkulima aliyepima pamba yake mara mbili, nyumbani na mnadani, akapata hesabu mbili. Kila aliyekuwepo alikuwa na pamba yake kichwani. Kiitikio kilipopanda, kilipandishwa na watu wazima mia kadhaa, Wagika kwa Wagalu.

Aliwaacha hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani inawezekana. Kisha akasimama, na ngoma zote zikarudi kwa pigo moja.

Jua lilipotua wazee walitazama, wakanong'onezana, wakaelekeza fimbo upande wa Wagalu. Ningi wa Wagika akavuka zile hatua tisini na tano kwenda kumpa mwenzake mkono. Gunia la matobolwa lilikuwa upande wa Wagalu, limekunjwa, tupu.

Naandika haya kwa sababu ninaona ngoma zetu zinavyoalikwa siku hizi. Miaka ya karibuni Bariadi imepata matamasha yake, na nilifurahi sana Simiyu Jambo Festival ilipoweka Wagika na Wagalu bega kwa bega na mbio za baiskeli, chombo kinachobeba maisha ya Usukumani. Bujora nako, karibu na Mwanza, Padre David Clement aliona mapema faida ya kuyalea mashindano haya. Tangu miaka ya 1950 sikukuu ya Ekaristi, inayoitwa Bulabo, yaani ua, imekuwa ikiambatana na siku za mbina. Watu hao walielewa. Lakini kwenye shughuli nyingine nyingi nimeona kikundi kikipewa dakika kumi mbele ya hema la wageni rasmi, spika ikipiga muziki wa kurekodi nyuma yake, kisha kinaambiwa asanteni na kingine kinaingia. Watazamaji wamekaa kwenye viti vya plastiki, hawawezi kwenda popote. Ningi anaimba kwa macho yaliyopotea, kwa sababu umati usioweza kuondoka haumwambii chochote.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji, ninyi mnaopanga ratiba za kiangazi kijacho: wapeni viwanja viwili na wakati mmoja. Ondoeni kamba. Spika zizimwe kwa saa tatu, haitamdhuru mtu. Na mgeni rasmi, kama ana miguu mizima, muacheni naye atembee.

Nawe msomaji, msimu unaanza Juni, pamba ikiwa mizanini, na unakwenda hadi Agosti. Kutoka Lamadi ni lami mpaka Bariadi, kilomita zipatazo 70. Njoo na viatu vinavyokaa vizuri, na chenji za kununulia matobolwa. Ukifika, usitafute kiti.